Gundi ya kome, inayoshika ndani ya maji

Mtumbwi ukitoboka kwenye ziwa Kivu, mvuvi anauvuta kwanza nchi kavu na kuuacha ukauke, ndipo aanze kuziba. Mbao zikiwa na maji, zinafunikwa na utando mwembamba wa maji, na gundi ya kawaida inashika ule utando, haishiki mbao. Wasomi wa ng'ambo nao walikwama hapo hapo kwa muda mrefu.

Aliyefungua njia ni J. Herbert Waite wa Marekani. Alichunguza kome, mnyama mdogo wa baharini mwenye maganda mawili meusi, anayejifunga kwenye mawe kwa nyuzi huku mawimbi yakimpiga usiku na mchana. Mwaka wa 1981, Waite na mwenzake walitangaza kwamba gundi ya kome ni protini yenye kitu kinachoitwa dopa. Kome anakandamiza mguu wake juu ya jiwe, anamwaga protini hiyo, na dopa inasukuma maji pembeni na kushika jiwe lenyewe.

Lakini kupata gramu moja kulihitaji kome karibu 10,000. Biashara gani hiyo?

Kwangu mimi, mwerevu zaidi katika historia hii ni Kaichang Li wa chuo kikuu cha Oregon State. Yeye aliachana na kuua kome. Alichukua soya, akageuza protini yake ifanane na ya kome, na katika miaka ya 2000 viwanda vikaanza kuunganisha tripleksi kwa gundi hiyo. Faida yake si ndogo: gundi nyingi za tripleksi zina formaldehaidi, na fundi anayekata mbao hizo anavuta hewa ambayo tangu 2004 inahesabiwa kati ya vitu vinavyoleta saratani.

Halafu kuna zile nyuzi. Wimbi likizivuta sana zinalegea, kisha zinarudia nguvu, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba dopa hushikana na chembe za chuma, na kifungo hicho kikifunguka kinaweza kujifunga tena. Mwaka wa 2011, Niels Holten-Andersen na wenzake walitengeneza jeli ya namna hiyo. Waliichana, na ikajiunga yenyewe kwa dakika chache.

Wanaoingojea zaidi sasa ni madaktari, maana ndani ya mwili ni maji tu, na sindano inatoboa kile inachotaka kuziba. Phillip Messersmith, naye wa Marekani, amejaribu gundi za aina hii kwenye utando unaomzunguka mtoto tumboni, ambao ukipasuka mapema, mimba iko hatarini.