Habari za Hovakrafti, Chombo Kiendacho juu ya Hewa

Wasikilizaji, tangu kale mwenye kuvuka bahari hushindana na maji yenyewe, maana maji hukishika chombo na kukipunguzia mwendo. Bwana Christopher Cockerell, fundi wa Kiingereza, alifikiri kwamba chombo kikiinuliwa na hewa, maji hayatakishika tena. Mwaka 1955 alitwaa mikebe miwili, mmoja wa chakula cha paka na mmoja wa kahawa, akautia mdogo ndani ya mkubwa, akapuliza hewa katikati yake. Alipopima kwa mizani aliona nguvu ya hewa imezidi kuliko ilipopulizwa katika mkebe mmoja.

Tarehe 25 Julai 1959 chombo chake cha kwanza, SR.N1, kilivuka kutoka Calais hata Dover kwa saa 2 na dakika chache, miaka 50 kamili tangu Louis Blériot alipovuka huko kwa eropleni. Bwana Cockerell mwenyewe alikuwamo, akihama huku na huku ili uzito wake ukisawazishe chombo.

Baadaye vyombo vilifungwa pindo la mpira la kuizuia hewa isitoroke, vikaweza kupita juu ya mawimbi. Mwaka 1968 ikaja SR.N4, yenye kuchukua watu 254 na motakari 30. Ilivuka kwa kiasi cha dakika 35, ikapanda ufukoni bila kuhitaji gati.

Lakini upesi ule ulikuwa na gharama. Mitambo yake 4 ilikula mafuta mengi, pindo lilichakaa upesi, na siku za tufani safari zilivunjwa. Tarehe 30 Machi 1985 chombo kimoja kiligonga ukuta wa bandari ya Dover, watu 4 wakafa. Mwaka 1994 ikafunguliwa reli ipitayo chini ya bahari. Mwaka 1995 hovakrafti ilivuka kwa dakika 22 tu; lakini mashindano hayakuwa tena ya mbio, bali ya gharama. Tarehe 1 Oktoba 2000 safari zile zikakoma.

Hata hivyo, kati ya Southsea na Ryde, katika kisiwa cha Wight, kazi iliyoanza mwaka 1965 ingali ikiendelea. Huko Ryde maji yakupwapo huacha mchanga mpana, hata ilibidi gati la meli lijengwe refu, kiasi cha nusu maili. Hovakrafti hupita juu ya mchanga huo, ikawashusha abiria karibu na mji.