Ufunguo wa Ghala: Watoto na Shamba la Shule Kilosa

Anayedai kwamba shamba la shule lilizaliwa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, amelisahau dungu. Kabla ya shule yoyote Usagara au Vidunda, eneo la Kilosa, mtoto alipandishwa kwenye kichanja hicho katikati ya mtama, akaamia ndege tangu alfajiri. Huko alijifunza kutambua punje inayotia maziwa na iliyokomaa, na mavuno aliyoyalinda aliyala mwenyewe nyumbani kwao. Kiungo hicho cha jasho na chakula kilikatwa na mkonge. Reli ya kati ilipopita Kilosa, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba makubwa ya Kimamba na Rudewa yakapata njia ya kwenda bandarini, na watu wakazoea kulima kitu kisicholiwa, cha mwenye shamba. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuhimiza kilimo katika shule za Waafrika, mzazi alikuwa na haki ya kuuliza: mwanangu nimempeleka akasome, au akaandaliwe jembe la mtu mwingine?

Swali hilo ndilo pingamizi zito hadi leo, na kulijibu kwa kusifu kazi za mikono ni kulikwepa. Nyerere hakulikwepa. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato, waone faida ya shamba katika maisha yao wenyewe. Hapo ndipo utekelezaji ulipoteleza. Azimio la Musoma la 1974 lilipozitaka shule zichangie gharama zao, shamba likageuka chanzo cha mapato. Eka zikahesabiwa kuliko masomo, kulima kukawa adhabu ya wachelewaji, na ufunguo wa ghala ukabaki kwa wakubwa. Wanaosema sera ilishindwa kwa sababu watoto hawapendi jembe wanawaonea. Mtoto wa dunguni naye alichoka, tena sana, ila alijua anachokilinda.

Wengine watasema zama za dungu zimepita, na kwa vijiji jirani na Hifadhi ya Mikumi wana hoja. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na tembo hatambui ratiba ya vipindi. Kumweka mtoto alinde mahindi kandokando ya hifadhi ni kumhatarisha, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi zenye madhara. Lakini hoja hiyo inaondoa eka za mbali, haiondoi tuta lililo nyuma ya darasa. Kilosa ina Ilonga, kituo cha utafiti wa mazao. Aina mbili za mbegu za mahindi kutoka huko zikipandwa sambamba kwenye matuta mawili, kupima na kulinganisha kunakuwa somo la hisabati na la sayansi. Mchicha nao huvunwa baada ya wiki chache tu: aliyeusia huukuta kwenye sufuria ya shule muhula haujaisha.