Kifafa na Elimu Iliyobakia Vitabuni

Mpaka leo wako wengi katika watu wetu ambao mtoto akianguka kifafa, wa kwanza kuitwa ni mganga. Mtoto hupungwa pepo, hufukizwa, na mwisho hutolewa chuoni kwa kuogopwa povu lake. Yafaa basi tuitazame tarikhi ya maradhi haya.

Kiasi cha miaka mia nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kitabu cha Kiyunani kinachonasibishwa na Hippocrates kilieleza kwamba kifafa hakitoki kwa miungu, bali asili yake ni ubongo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye alikitia katika maradhi ya kichwa ndani ya Al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi. Kisha mwaka 1912 tabibu wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, akaonyesha kuwa dawa ya fenobabitali hupunguza kuanguka.

Basi elimu ilikuwako, na dawa ikawako. Lakini je, ziliwafikia watu? Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alipofika Mahenge, Tanganyika, aliwakuta wenye kifafa wakila peke yao. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwani mgonjwa akiangukia mekoni, wenziwe huogopa kumgusa. Mwaka 1960 alifungua kliniki yao huko. Dawa peke yake isingetosha. Ilibidi jamaa wafahamishwe kwamba mate hayaambukizi kifafa, na kwamba vidonge humezwa kila siku, hata siku ambazo mgonjwa hakuanguka.

Haja hiyo ya kuwafahamisha watu ilionekana na kwengineko. Mwaka 1996 ilianzishwa Marekani Wiki ya Kuujua Ubongo, ambayo sasa hufanywa kila mwezi wa Machi katika nchi nyingi. Wataalamu hutoka makazini mwao wakaenda mashuleni na mitaani kuwaeleza watu kazi ya ubongo na maradhi yake. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani pamoja na vyama vya kifafa wakaanza kampeni ya kuyatoa maradhi haya mafichoni.

Na sisi twangoja nani? Baraza tunazo, na vyuo tunavyo. Tumwite daktari baada ya sala ya Isha azungumze na wazee. Mwalimu naye awafunze wanafunzi: mwenzenu akianguka, mwondoleeni vitu vigumu, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, wala msimshike kwa nguvu. Zikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Akizindukana, aambiwe pole, na akisha kupumzika arudi mahali pake asome.

Kumwombea dua ni jambo jema, wala dua haikatazi kidonge. Lakini mzazi anayemtoa mtoto chuoni kwa ajili ya kifafa, na mwalimu anayemridhia, wote wawili wamemdhulumu.

Wabillahi tawfiq.