Kipande cha Mwisho cha Mshipi: Ndoano na Mafundo katika Maji ya Geita

Historia ya uvuvi katika Ziwa Victoria huandikwa zaidi kwa kufuata nyavu, kwa kuwa nyavu ndizo zilizowashughulisha watawala na watafiti tangu Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa ziwa mwaka 1927 na 1928 na kupendekeza kuwa nyavu za kutega zenye macho ya chini ya inchi 5 zizuiwe. Ndoano ilibaki pembeni mwa maandishi hayo, ingawa katika ufuko wa kusini, kuanzia Ghuba ya Mwanza kupita Nungwe na Nkome hadi Ghuba ya Emin Pasha, ndiyo iliyomlazimu mvuvi kumjua vyema samaki anayemtafuta. Inayostahili kuangaliwa kwa karibu ni sehemu fupi ya mwisho, yaani kipande cha uzi au waya kinachounganisha mshipi mkuu na ndoano, pamoja na mafundo yake mawili, la juu na la chini, kwa maana hapo ndipo meno na uzito wa samaki hukabiliana na kazi ya mkono wa mvuvi.

Kabla ya bidhaa za viwandani kufika, chuma cha eneo hili kilitoka kwa Warongo, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma waliofanya kazi zao katika nchi ya Wazinza, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo mkoani Geita. Majembe yao yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi na kutumika hata katika kulipia mahari. Ndoano ni kazi ndogo kwa mhunzi anayeweza kufua jembe, na ndoano za chuma zilizofuliwa na wahunzi wa kandokando ya ziwa zilitumika pamoja na migono, yaani mitego ya kusukwa, na nyavu za mafunjo. Mishipi yenyewe ilisokotwa kwa nyuzi za mimea kama mkonge mwitu.

Samaki walioandamwa kwa ndoano wakati huo walikuwa hasa kamongo, kambare na hongwe. Kamongo, ambaye hupumua hewa na huweza kujifukia katika tope kusubiri mvua, ana vibamba vya meno vyenye nguvu ya kusaga konokono na kombe, na uzi ulioingia kati ya vibamba hivyo haudumu. Kwa hiyo tatizo la kipande cha mwisho, yaani namna ya kukifanya kiwe kigumu kuliko mshipi uliobaki, ni la zamani sana ziwani, nalo lilijulikana pia na wavuvi wa mabwawa na mito ya msimu ya Shinyanga, mkoa usiogusa ziwa lakini ambao watu wake wamewavua kambare katika malambo, yaani mabwawa ya kuchimbwa kwa ajili ya mifugo.

Ndoano za kiwandani zilienea kadiri usafiri ulivyoboreka. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora, inayopita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa njia hizo maduka ya bandarini yakaweza kuuza ndoano zilizotengenezwa Redditch nchini Uingereza, mji uliokuwa maarufu kwa sindano na ndoano, na zile za kampuni ya Mustad ya Norway. Pamoja nazo ulikuja utaratibu wa namba, ambao humchanganya mgeni hadi leo, kwa sababu katika ndoano za kawaida namba inapopanda ndoano hupungua ukubwa, hivyo ndoano namba 7 ni kubwa kuliko namba 12.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la uzi. Nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938, ilienea ziwani katika miaka ya 1950, na sifa zake zinajulikana: haiozi, ni nyembamba kwa nguvu iliyonayo, na haihitaji kuanikwa kila siku kama pamba. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba iliwalazimu wavuvi kujifunza upya kufunga. Uzi wa mmea una mikwaruzo inayoshikana, na fundo moja la kawaida huweza kukaa. Nailoni ya uzi mmoja mzito ni laini na ina tabia ya kurudia umbo lake, kwa hiyo fundo hilohilo huteleza, au likikaa hujikata lenyewe pale uzi unapojikunja kwa ukali, na uzi ukapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Suluhisho lilikuwa kuugawa mkazo katika mizunguko mingi. Kwa ndoano yenye tundu, uzi hupitishwa tunduni, huzungushwa juu yake wenyewe mara tano au sita, kisha ncha hurudishwa katika kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu. Kwa ndoano yenye kichwa bapa kisicho na tundu, uzi huviringishwa kwenye shina la chuma, mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana, na mvutano wa samaki hufuata mstari wa shina. Kabla ya kukazwa, fundo hulowanishwa kwa maji au mate, kwa kuwa nailoni kavu inayojisugua hupata joto na kudhoofika mahali pasipoonekana kwa macho. Hii ni elimu kamili ya ufundi, na inasikitisha kwamba haijaandikwa ipasavyo kwa Kiswahili, licha ya watu wengi sana kuishi kwayo.

Kisha samaki mwenyewe akabadilika. Sangara alipandikizwa ziwani kutoka upande wa kaskazini kuanzia miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka ghafla katika maji ya kusini, ambako watafiti wa Uholanzi na Tanzania waliokuwa wakichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza waliona spishi nyingi za samaki hao wadogo zikitoweka mbele yao. Kwa mfungaji wa ndoano, sangara alileta masharti mapya. Hana meno ya kukata kama ya papa, bali kinywa chenye meno mengi madogo yanayokwaruza kama msasa, na kifuniko cha mashavu chenye ukingo mkali na miiba, ambacho hukata uzi mwembamba samaki anapogeuza kichwa. Kipande cha mwisho kikalazimika kuwa kinene kuliko kilichohitajika kwa uzito wa samaki peke yake, ili kistahimili kukwaruzwa kwa muda mrefu.

Katika uvuvi wa kamba ndefu, ambao katika pwani ya bahari huitwa dhulumati, mshipi mmoja hubeba vipande vingi vya aina hiyo, kila kimoja na ndoano yake. Kila kipande kinatakiwa kiwe kifupi kuliko nusu ya nafasi iliyo kati yake na jirani yake, vinginevyo samaki wawili wakikamatwa kwa pamoja huvisokota na alfajiri mvuvi huvuta tita la nyuzi. Chambo kizuri ni samaki hai, na baada ya furu kuadimika kambare wadogo walipata thamani, kwa kuwa uwezo wao wa kupumua hewa huwafanya wakae hai muda mrefu katika chombo na hata ndoanoni.

Viwanda vya minofu vilipoanza kufanya kazi Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, sangara akawa bidhaa ya Ulaya, huku machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama yakikusanya umati wa watu waliohitaji kitoweo kila siku, ukiwemo ule uliofuata kufunguliwa kwa mgodi mkubwa wa Geita mwaka 2000. Wavuvi wengi waligeukia ndoano kwa sababu za wazi: nyavu ni ghali na huibwa majini, wakati kamba ya ndoano huongezwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Sensa za uvuvi zinazofanywa na nchi tatu za ziwa tangu mwaka 2000 huhesabu ndoano pamoja na mitumbwi na nyavu, na hesabu yake hufika mamilioni.

Kanuni za sangara zimewahi kutaka avuliwe akiwa na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na wazazi wakubwa, ambao wengi ni majike, waendelee kutaga. Wavu huchagua samaki kwa macho yake. Ndoano huchagua kwa namba yake na kwa ukubwa wa chambo, na kamba za ndoano zina tabia ya kunasa samaki wakubwa kuliko nyavu, yaani wale wale ambao kanuni hizo zilitaka waachwe. Ndoano iliyonasa pembeni mwa mdomo huweza kutolewa na samaki akarudi majini akiwa mzima, lakini iliyomezwa hadi tumboni pamoja na chambo hai, ikiwa na ule mwiba mdogo unaoelekea nyuma karibu na ncha, haitoki bila kumjeruhi, na kamba iliyotegwa jioni na kuvutwa asubuhi humpa samaki usiku mzima wa kuimeza.