Ndege ya Voi Ilikuwa na Watu Wawili

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, kindege cha viti viwili aina ya Gipsy Moth kiliruka kutoka uwanja mdogo wa Voi, kule njia ya Mombasa. Kikazunguka juu ya uwanja mara mbili, halafu ghafla kikaenda chini, kikapiga ardhi na kuwaka moto. Hakupona mtu.

Ukiuliza nani alikufa siku ile, jibu linapatikana haraka sana: Denys Finch Hatton, mtoto wa lodi wa Uingereza, mwindaji, mpenzi wa mwandishi Karen Blixen wa Denmark. Ni yule yule ambaye Robert Redford alimuigiza kwenye filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, ile iliyobeba Oscar 7. Watu wamemlilia kwenye kumbi za sinema dunia nzima. Lakini ile ndege ilikuwa na viti viwili, na vyote vilikuwa na watu. Mwingine alikuwa Kamau, Mkikuyu, mtumishi wake. Kwenye simulizi nyingi anatajwa mwishoni mwa sentensi kama vile mzigo uliokuwemo. Kwenye nyingine hatajwi kabisa.

Ili kuelewa Kamau alifikaje ndani ya ndege mwaka 1931, inabidi kwanza tuwatazame hawa wazungu na starehe yao.

Siku hizi ukisikia mtu anaishi ughaibuni na wikiendi anarusha helikopta kujifurahisha, akili inakwenda moja kwa moja Dubai au Marekani. Miaka ile ughaibuni kwenyewe kulikuwa Kenya. Watoto wa mabwanyenye wa Ulaya, hasa wale ambao hawakuwa wa kwanza kuzaliwa na hivyo cheo na mashamba ya baba hawayapati, walikuja huku kutafuta ardhi, wanyama wa kuwinda na maisha ya kula bata. Finch Hatton alikuwa mmoja wao. Alizaliwa 1887, akasoma Eton na Oxford, akaja Afrika Mashariki 1911. Alifanya biashara hii na ile, baadaye akawa anaongoza safari za kuwinda za matajiri. Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliyemhudumia 1928 na tena 1930.

Ndege ndogo zilikuja wakati mzuri kwa watu wa aina hii. Kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilikuwa imetoa familia ya ndege za Moth mwaka 1925, na Gipsy Moth yenyewe ikafuata 1928. Usifikirie ndege kama hizi za leo. Mwili wake ulikuwa wa mbao, mabawa ya kitambaa, mawili juu na mawili chini, hakuna paa. Abiria anakaa mbele, rubani nyuma, upepo unawapiga wote usoni, na wakitaka kuongea wanatumia mpira maalum wa kusemea maana injini inapiga kelele hatari. Injini ilikuwa na nguvu ya farasi 100 tu. Raha yake kubwa ni kwamba mabawa yalikunjwa, kwa hiyo unaweza kuilaza kwenye kibanda kama gari. Ya Finch Hatton ilikuja kwa meli mpaka Mombasa.

Bei ilikuwa kama pauni 650. Kwa shilingi za Afrika Mashariki za wakati ule, 20 kwa pauni moja, hiyo ni shilingi 13,000. Kibarua Mwafrika kwenye shamba la mzungu hakuwa anafikisha shilingi 20 kwa mwezi. Lakini tufanye alilipwa 20 kamili, na hali, havai, halipi kodi ya kibanda, anaweka kila senti. Angehitaji miezi 650. Hiyo ni zaidi ya miaka 54, kwa ndege ya mtu kujifurahisha.

Tuwe wakweli, haikuwa starehe peke yake. Kenya ya wakati ule barabara zake mvua ikinyesha zilikuwa matope matupu, na kati ya shamba na shamba unaweza kutembea siku nzima. Mgonjwa akizidiwa, mkulima akihitaji kufika Nairobi leo leo, ndege ilikuwa msaada wa kweli. Ndiyo maana mambo yalikwenda kasi. Klabu yao ya urubani, Aero Club of East Africa, ilianza 1927. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, akaanzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na Gipsy Moth moja na rubani wake Tom Campbell Black. Ule uwanja wa Wilson pale Nairobi, ambao leo helikopta zinaingia na kutoka kutwa nzima, umebeba jina la mama huyu.

Na kifo nacho kilianza mapema. Machi 1928 Maia Carberry, mwanamke wa kwanza kurusha ndege Kenya, binti wa miaka ya ishirini na kitu tu, alianguka na ndege Nairobi akiwa anamfundisha mwanafunzi. Wote wawili wakafa. Mume wake, John Carberry, naye alikuwa kichaa wa ndege, na msiba ule haukumfanya aache. Huyu tutakutana naye tena.

Sasa rudi kwa Denys na Karen. Shamba la kahawa la Karen lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, na jamaa alikuwa anaweza kutua hapo hapo shambani, dakika chache kutoka nyumbani. Anamchukua, wanapaa. Walikwenda mpaka Ziwa Natron kuona heroe kutoka juu. Kwenye kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937 Karen ameandika kwamba hakuna raha aliyoipata shambani kwake iliyozidi hiyo. Humo humo ameweka kisa cha mzee mmoja Mkikuyu aliyewauliza kama wakienda juu kiasi kile wanafika kumuona Mungu. Wakamwambia hapana, hawajamuona. Mzee akafikiri, akasema basi yeye haelewi kwa nini wanaendelea kuruka.

Wasomaji wengi wa Ulaya huko wanacheka, wanaona mzee mshamba. Mzee hakuwa mshamba hata kidogo. Aliuliza swali la mtu anayejua gharama. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kutoka mahali pamoja kwenda pengine kiholela. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanaume Mwafrika Kenya alitakiwa kutembea na kipande, karatasi ya kumtambulisha yeye na mwajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma anachoning'iniza shingoni. Ukikutwa huna, ni faini au jela. Yaani mtu wa chini anahesabiwa hatua zake, huku juu ya kichwa chake wengine wanazunguka na ndege bila kwenda popote, eti wanaangalia mandhari.

Mpaka hapo ilikuwa bata. Lakini mkwanja wa kuilisha ndege lazima utoke mahali, na Denys akaja na wazo la biashara: badala ya wateja kutembea wiki nzima wakitafuta tembo mwenye pembe kubwa, yeye atapaa, ataona kundi liko wapi, kisha atawaongoza. Ndiyo kilichompeleka Voi. Na hili lina uchungu wake, maana Wakamba na Waliangulu wa maeneo yale walikuwa wakiwinda tembo kwa upinde na mshale wa sumu tangu enzi, na sheria ya mkoloni ndiyo kwanza ilikuwa imewageuza majangili. Tembo yule yule, ukimtafuta kwa mguu na mshale wewe ni mwizi, ukimtafuta kwa ndege na bunduki wewe ni mwanamichezo.

Safari ile ilianza vibaya. Alikwenda kwanza Pwani, na kule propela ikagonga matumbawe wakati wa kutua, ikabidi Nairobi wamtumie nyingine. Akaenda Voi, akalala kwa mkuu wa wilaya. Asubuhi ndiyo ikawa ile. Alikuwa na miaka 44. Chanzo cha ajali hakikujulikana.

Kuna mtu wa tatu aliyekaribia kuwa kwenye kiti kile. Beryl Markham, binti wa Kiingereza aliyekuja Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi na kukulia Njoro, alisema Denys alimwalika kwenda naye Voi. Mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black yule yule wa Wilson Airways, akamwambia asiende, bila sababu ya maana, moyo tu ulikuwa unamkataza. Akabaki. Kisa kitamu sana, na ni vizuri kukumbuka kwamba Beryl alikichapisha 1942, wakati Denys ameshakufa na Tom naye ameshakufa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumbishia. Lakini hata ukikipokea chote kama kilivyo, angalia hesabu yake. Kiti cha Beryl kikabaki wazi. Akapanda Kamau. Onyo la Tom lilimfikia mmoja tu.

Beryl mwenyewe alikuja kuwa mkubwa kuliko wote. Alipata leseni ya biashara 1933, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa nayo, akawa anabeba barua, wagonjwa, na hata kuendeleza ile kazi ya kutafuta tembo kutoka angani. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea New York. Kutoka mashariki kwenda magharibi ndiyo njia ngumu, kwa sababu upepo unakupiga usoni mwanzo mpaka mwisho. Ndege, Vega Gull, aliazimwa na John Carberry, mume wa yule marehemu Maia, na ilikuwa na usajili wa Kenya, VP-KCC. Baada ya zaidi ya saa 20 matundu ya kupumulia ya tenki la mafuta yakaziba kwa barafu, injini ikakata, akatua kwenye tope la Cape Breton, Kanada, pua ya ndege imezama ardhini. Akatoka na jeraha la kichwa. New York hakufika kwa ndege hiyo, lakini bahari aliivuka, na hakuna mwanamke aliyewahi kuivuka peke yake kutoka Uingereza kwa upande ule. Wiki mbili tu baadaye Tom akafa Liverpool, ndege ya jeshi iliyokuwa inatua iliparamia ya kwake ikiwa bado iko chini.

Kwenye maisha ya Beryl kuna mtu ambaye ni kama ndugu wa Kamau kwa hali. Alipokuwa mdogo Njoro, rafiki yake alikuwa Kibii, mtoto wa Kikalenjin. Walicheza, walikimbia, walijifunza kurusha mkuki pamoja, hakuna bosi. Kibii alipotahiriwa akawa arap Ruta. Wakiwa watu wazima akaja kwake kutafuta kazi, na safari hii akamwita Memsahib. Beryl ameandika kwamba hilo neno lilimgusa. Lakini hakulikataa. Ruta akamtunzia farasi, na farasi walipopisha ndege, akawa anashughulika na ndege, anamsubiri uwanjani mpaka atue. Mtu aliyeyajua mashine yale kwa mikono yake miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumtuma klabuni kujifunza urubani.

Ruta angalau tunamjua. Kitabu cha Beryl kina kurasa nyingi juu yake, ana sura, ana utani, ana hasira. Denys naye alizikwa kwenye vilima vya Ngong mahali alipopapenda mwenyewe, na kaka yake akamwekea mnara wa jiwe. Ikaenea habari kwamba simba wanakuja kulala pale juu ya kaburi, Karen akaiweka kitabuni, na watalii bado wanaipenda hadithi hiyo. Karen aliondoka Kenya mwaka ule ule wa 1931, shamba limeuzwa, mpenzi amekufa, na kutokana na hayo akaandika kitabu kilichompa jina duniani. Kamau hakuwa na mpenzi mwandishi. Alikuwa ameajiriwa, bosi akasema twende, akapanda. Ukitazama kindege kile kwenye filamu kinavyopita juu ya heroe, na muziki ule, angalia nani amewekwa kiti cha mbele. Ni Meryl Streep.

Kitabu cha Beryl kilipotoka kiliuzika kidogo, kikasahaulika. Kikachapishwa upya Marekani 1983, safari hii kikanunuliwa kweli kweli, na bibi kizee aliyekuwa anaishi kwa shida kwenye kijumba karibu na uwanja wa mbio za farasi Nairobi akaanza kupokea hela na waandishi wa habari. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, miezi michache baada ya Out of Africa kuzoa tuzo zake.