Kutu Kama Ushahidi
Nilipoanza kusoma habari za panga za kale za Japani, nilidhani jina la mhunzi lililochongwa kwenye mkia, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, linamaliza ubishi. Kumbe jina hughushiwa sana! Tena panga nyingi ndefu zilikatwa mkia ili zifupishwe, jina likapotea. Ukoo wa Hon'ami, uliomwandalia shogun Yoshimune orodha ya panga mashuhuri mwaka 1719, ulichunguza chuma chenyewe: umbo, chembechembe, mstari wa makali. Kutu nyeusi ya mkia nayo hudokeza umri. Anayeisugua ili mkia ung'ae, naona anachoma waraka. Baada ya amri ya 1876 kuwakataza samurai kubeba panga, nyingi ziliuzwa ng'ambo. Tsuba, vile vikinga mkono, zikatenganishwa nazo, na hadi leo hukusanywa peke yake.