Kabla hujafunga chaja kwenye pikipiki yako ya umeme

Tangu Rais William Ruto azindue mradi wa pikipiki za umeme hapa Mombasa mnamo Septemba 2023, vijiwe vyetu vya bodaboda vimebadilika. Wenzetu wengi hupita kituoni, wakabadilisha betri na kuendelea na kazi. Lakini sisi tunaomiliki betri zetu wenyewe hatuna budi kuchaji, na swali ninaloulizwa sana kijiweni ni hili: nifunge chaja gani kwenye pikipiki?

Chaja ya kufungwa chomboni ina raha yake. Ukitoka Mombasa na abiria hadi Malindi, takriban kilomita 120, waweza kusimama Kilifi kwa ndugu yako, ukachomeka waya kwenye soketi na kunywa chai huku betri ikijaa. Ila ukikosea kuichagua, hasara yake si ndogo.

Mimi nilikosea. Pikipiki yangu ni ya volti 72, nikanunua chaja iliyoandikwa 72 bila kuuliza zaidi. Kumbe ilikuwa ya betri za asidi, na yangu ni ya lithiamu. Usiku kucha kidhibiti kilichomo ndani ya betri, kile mafundi wanachokiita BMS, kilikuwa kikikata umeme kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Laiti kingeshindwa, ningeamka nyumba inawaka na watoto wamelala. Ndiyo sababu naandika haya.

Anza na betri

Namba ya 72 ni jina tu. La muhimu ni volti za betri ikiwa imejaa. Betri ya lithiamu ya kawaida yenye seli 20 zilizofuatana hujaa kwa volti 84. Ile ya lithiamu yenye chuma na fosfati, yaani LFP, ikiwa na seli 24 hujaa kwa volti 87.6. Betri sita za asidi za volti 12 huchajiwa hadi karibu volti 88. Zote tatu huweza kuuzwa kwa jina moja la 72! Kwa hivyo soma kibandiko cha betri, kisha usome upande wa chaja ulioandikwa OUTPUT. Namba hizo zilingane, na aina ya betri iwe ile ile.

Haraka haraka haina baraka

Ampea ndizo zinazoamua muda. Betri ya 40Ah ukiichaji kwa ampea 10 itachukua kama saa nne na nusu, kwa sababu mwisho wa kuchaji huenda polepole. Ampea 20 zitapunguza muda huo karibu nusu, lakini uliza kwanza betri yako yaruhusu ampea ngapi za kuchajiwa. Usizidishe.

Angalia na ukuta pia. Chaja ya volti 84 na ampea 10 huvuta kama wati 930, yaani karibu ampea 4 za stima ya nyumbani. Hizo soketi nzuri yazimudu. Ya ampea 20 huvuta mara mbili, kwa saa nyingi mfululizo. Nyumba zetu za zamani zenye nyaya nyembamba, au ekstensheni ya bei rahisi, zitapata moto. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa yachoma mkono, chomoa.

Chumvi, maji na mtikiso

Chaja ya kuweka mezani haifai kufungwa chomboni. Feni yake itavuta vumbi na hewa ya chumvi, na barabara zetu zitaitikisa mpaka viungo vya ndani vilegee. Tafuta isiyo na feni, yenye mwili wa alumini wenye mapezi ya kupoza, na iliyoandikwa IP67. Namba 6 yasema vumbi halipenyi, na 7 yasema yastahimili kuzama kina cha mita 1 kwa dakika 30. Itikise karibu na sikio: ikilia ndani, irudishe. Ifunge panapopita upepo, isibanwe na betri chini ya kiti.

Waya wa ardhi

Hili ndilo wengi hulipuuza. Chaja ikiwa chomboni, umeme wa volti 240 huingia kwenye pikipiki ambayo mwili wake ni chuma. Waya mmoja ukichubuka, chombo kizima chaweza kuwa na umeme, na wa kwanza kukigusa huenda akawa mtoto anayepita uani. Tumia plagi ya pini tatu, hakikisha waya wa ardhi umefungwa kwenye mwili wa chaja na wa pikipiki, na soketi yenyewe iwe na ardhi ya kweli. Usikubali fundi akukatie pini ya tatu. Uliza pia kama pikipiki hukataa kuondoka ikiwa bado imechomekwa.

Ukienda dukani, nenda na picha ya kibandiko cha betri kwenye simu. Muuzaji akishindwa kukuambia chaja yake hujaza kwa volti ngapi, mwage kwa salamu na uende duka jingine. Chombo hiki ndicho kinachotulisha, na usiku twalala nacho nyumba moja.